Kadi Niliyoiandika Bila Kunusa

Mama Naliaka,

Ule mzigo uliouagiza ulifika. Ulikuja wiki ya pili baada ya sisi kukuzika, Jumanne asubuhi, na yule dereva wa pikapu uliyezoea kumgombeza kwa kuziba njia ya majirani alishuka, akachungulia ndani, akauliza, "Madam ako?" Nikamwambia hayuko. Alishusha makasha yote, akanipa karatasi nitie sahihi, na hapo juu nikaona jina lako, na chini yake orodha ya mvinyo kwa mwandiko wako unaolalia kushoto: mweupe wa Ureno, mwekundu wa Italia, mwekundu wa Kalifornia. Nilitia sahihi pembeni kabisa, nisilifunike jina lako.

Kuna jambo nililolifanya na mzigo huo. Nimelizungusha kichwani miezi hii yote nikitafuta mtu wa kumwambia, na kila nikimtafuta huyo mtu naona ni wewe. Leo ni Jumapili, mtaa mzima uko kanisani na duka limefungwa. Nimekaa kwenye stuli yako, nakuandikia.

Kwanza habari za hapa, maana ungeniuliza. Duka liko palepale Kariobangi, kati ya Mama Shiku na mapazia yake na yule fundi wa majiko ambaye kila akipiga nyundo chupa zetu zinagongana kwenye rafu. Binti yako Naliaka alinikabidhi funguo kule Bungoma siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula. Aliniambia, "Mwangi, wewe endelea tu. Mimi pua yangu haijui tofauti ya waini na mafuta ya taa." Tukacheka wote wawili, kisha tukalia. Mama yangu mzazi bado ananiombea kila Jumapili niache kazi ya pombe, ila siku hizi ananiombea pia nisikonde, kwa hiyo maombi yamegawanyika. Yale magunia uliyokuwa ukiyaloweka maji na kuyatandika juu ya makasha jua likichoma mabati, bado nayaloweka. Na kadi zako bado zinaning'inia shingoni mwa chupa, ingawa zinapungua. Kila chupa ya zamani ikiuzwa inaondoka na kadi yake, na sijui nitamwambiaje mteja aniachie.

Nazikosa zile Jumamosi zetu kuliko kitu chochote. Mzigo mpya ukiingia, hukukubali chupa hata moja ipande kwenye rafu kabla haijapata kadi. Ulisema wazungu wanaandika mgongoni mwa chupa matunda ambayo hakuna mtu wa Kayole amewahi kuyaona, kwa hiyo maandishi hayo hayajamwambia mtu wa Kayole chochote. Basi tunatoka mapema na kikapu. Tunanunua zambarau, matunda damu, pasheni, ukwaju, ndimu, embe bichi, kipande cha sukari guru. Tunapita kwa seremala tunaomba vumbi la mbao. Tunapita kwa fundi viatu tunaomba kipande cha ngozi, na yule fundi viatu aliamini kabisa kwamba tunafanya uganga. Tukirudi unapanga kila kitu katika vikombe vya chai juu ya kaunta, unafungua chupa, na kazi ya kunusa inaanza, tukitafuta kikombe kinachofanana na glasi. Kikombe, glasi. Kikombe, glasi. Unafumba macho. Halafu ghafla unapiga kaunta kwa kiganja: "Kimejibu, Mwangi! Andika!"

Nami naandika daftarini, kisha wewe unanakili kwenye kadi kwa mwandiko wako. Mwekundu wa Ajentina: zambarau iliyoiva hadi kupasuka, sukari guru, na kiti kipya cha ngozi katika gari la mtu mwingine. Mweupe wa Ufaransa: ndimu, chaki ya darasa la pili, na maji ya bomba ya alfajiri. Watu walikuwa wakiingia kusoma tu, wanacheka, wanatoka bila kununua, na wewe hukuwafukuza. Ulisema watarudi siku ya mshahara.

Na zile kadi za punguzo! Maduka mengine yanaandika asilimia kwa wino mwekundu na kunyamaza. Wewe ulisema mtu akipunguziwa bei ana haki ya kujua kwa nini, la sivyo ataenda nyumbani akijiuliza chupa ina ugonjwa gani. Ukaandika sababu, na sababu ikawa ya kweli, hata ikikuvua nguo. "Imepunguzwa kwa sababu lebo ilikwaruzwa njiani, ndani iko salama." "Imepunguzwa kwa sababu niliagiza nyingi nikidhani Krismasi itakuja mara mbili." Ile niliyoipenda zaidi ilikuwa ya ule mweupe wa Kihispania: "Imepunguzwa kwa sababu mimi siupendi. Labda wewe utaupenda." Iliisha kwa siku mbili. Kila mtu alitaka kujua ni kitu gani Mama Naliaka amekataa.

Ulinitoa soko la nyama la Burma kwa sababu ya pua. Nilikuwa nachoma nyama pale, ukaja na wenzako wa zamani kutoka ile hoteli ya mjini ulikokuwa ukihudumia meza za mvinyo kabla hujastaafu. Nikakuambia msubiri kidogo, makaa ya leo ni ya mti mchungu, niyabadilishe kwanza. Ukaniangalia juu ya miwani. "Umejuaje?" Nikasema nimenusa. Ukavunja ndimu chini ya meza nisikuone, ukaniuliza nini hicho. Kisha ukavunja pilipili. Kisha ukatoa pochi yako, ukanifumba macho kwa mkono, ukaniuliza. Nikasema ni peremende, noti za zamani, na dawa ya kikohozi. Wenzako walicheka hadi meza ikatikisika. Wiki iliyofuata nilikuwa hapa nafuta vumbi kwenye chupa, na mama yangu alilala njaa kwa ajili yangu akiomba.

Miaka sita, Mama Naliaka. Miaka sita nilinusa na wewe na hukuwahi kuniruhusu niandike maneno yangu mwenyewe. Wewe ulitamka, mimi niliandika, na ukininyang'anya kalamu ni kwa kurekebisha. Nilinung'unika, unajua. Halafu ulipolazwa hospitalini kwa kiharusi, ule upande wako wa kulia ukiwa umekataa kuinuka, uliniita nisogee. Maneno yalikuwa yanatoka kwa shida. Ulisema, "Hizo chupa zinazokuja, utaandika wewe. Mimi nitasoma tu." Nilitoka nje nikasimama kwenye korido nikiwa na furaha, na nikajionea aibu kwamba mtu anaweza kufurahi mahali kama pale. Siku tatu baadaye Naliaka alinipigia simu.

Mvua ya Bungoma ilitunyeshea kaburini, unaifahamu mvua ya kwenu, haina adabu. Nilirudi Nairobi na mafua na homa. Homa ikaondoka, mafua yakaondoka, pua haikurudi. Sikugundua siku ya kwanza. Niligundua siku jirani aliponigongea mlango akipiga kelele, "Wee Mwangi! Unachoma nyumba?" Nikageuka nikaona moshi umejaa chumba kizima na sufuria ya githeri imekuwa nyeusi, nami nimekaa karibu nayo nasoma simu. Nikainua mfuniko, nikaweka uso juu yake, nikavuta. Hakuna kitu. Nilipika chai ya tangawizi, ikawa maji ya moto. Nilinusa sabuni, viatu, mafuta ya taa. Hakuna. Daktari wa zahanati akaniambia pua nyingine hurudi na nyingine hazirudi, nisubiri.

Niliogopa, Mama Naliaka. Sijawahi kuogopa hivyo. Bila pua mimi ni mchoma nyama aliyesahau kuchoma. Bila pua sina haki ya kukaa kwenye stuli hii, na ile kazi uliyoniachia kwa mdomo wako, ya mwisho uliyoniachia, siiwezi. Sikumwambia mtu. Naliaka alipopiga simu kuuliza mambo yanaendaje nilisema yanaenda.

Na mzigo ukafika.

Jumamosi ile nilifanya kila kitu kama tulivyokuwa tukifanya. Nilitoka na kikapu. Nilinunua zambarau, matunda damu, ukwaju, vyote. Seremala alinipa vumbi na kunipa pole. Fundi viatu alinipa ngozi bila kuuliza. Nilipanga vikombe, nikafungua chupa tatu, nikamimina. Kikombe, glasi. Kikombe, glasi. Nilifanya hivyo mpaka jua likafika kwenye kaunta, na nilikuwa nanusa hewa. Niliweza kuona rangi, niliweza kusikia ukali kwenye ulimi, uleule kwa chupa zote tatu, basi. Nikaketi sakafuni kati ya makasha nikalia kwa sauti. Fundi wa majiko alikuwa anapiga nyundo, kwa hiyo hakunisikia.

Haya, sasa lile jambo lenyewe.

Kwenye ule mkebe wa biskuti ulimotupia kadi zilizochafuka kwa wino nilikuta kadi ya mwekundu wa Kalifornia wa miaka miwili nyuma, kutoka shamba lilelile. Unaikumbuka: "Jamu ya zambarau, mdalasini kidogo. Mpole, hata kwa asiyezoea." Nikajiambia ni shamba moja, mtu mmoja, jua moja, watoto wa nyumba moja hawatofautiani sana. Mimi nina ndugu wanne na hakuna anayefanana na mwenzake hata kwa kutembea, lakini siku hiyo sikulifikiria hilo. Nilinakili maneno yako kwenye kadi mpya. Na si hilo tu. Niliinamisha herufi kushoto ili zifanane na zako. Nikaongeza chini, "Mgeni mpya kutoka Marekani, punguzo la kumkaribisha," nikazifunga shingoni mwa chupa, nikazipandisha rafu ya mbele. Ule wa Ureno na ule wa Italia niliiacha kwenye makasha. Niliwadanganya wateja kwamba bado inapumzika baada ya safari.

Mama Shiku alikuja siku hiyo hiyo. Binti yake Shiku alikuwa anaposwa, wakwe walikuwa wanakuja kesho yake kwa ruracio, sherehe ya mahari, na kwa mara ya kwanza maishani Mama Shiku alitaka kuweka mvinyo mezani badala ya bia. "Mimi nataka kitu ya heshima, lakini wazee wasishtuke," aliniambia. Akasoma kadi. Akaisoma tena kwa sauti, pole pole, akatabasamu. "Huyu mama, hata akienda bado anatuchagulia." Mama Naliaka, nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Mdomo ulikuwa wazi. Nikamfungia chupa sita.

Jumatatu akarudi. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. Aliweka juu ya kaunta chupa tatu ambazo hazikufunguliwa, na juu yake kadi yangu, imelowa mchuzi upande mmoja. Akaniambia mzee wa upande wa wakwe alikunywa, akauliza kwa upole kama hii ni dawa. Mwingine alimwaga yake kwenye chungu cha maua akidhani hakuna anayemwona, na watoto wakamwona. Shiku alikimbilia jikoni kwa aibu. Ukavu wa mvinyo ule uliwakaza mdomo wote, wakabaki wanamezea mate wakati wa maombi ya kufunga. Kisha akagonga kadi kwa kidole.

"Nilisoma tena hii nikidhani ni mimi sijui kusoma. Miaka yote huyu mama hakuwahi kunidanganya hata siku moja. Sasa amenidanganya akiwa amekufa?"

Mpaka leo nikifumba macho naisikia sentensi hiyo. Sikuwa nimeuza mvinyo mbaya tu. Nilikuwa nimechukua mdomo wako ukiwa huwezi kujitetea, nikausemesha uongo mbele ya wakwe wa watu.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, githeri, vikombe, mkebe wa biskuti, herufi zilizoinama. Nilisema, "Mama Shiku, mimi sinusi kitu. Tangu tumzike sinusi kitu." Alivuta kreti akakaa. Mteja aliingia, akatuona, akatoka. Nilidhani ananitafutia maneno makali, na nilikuwa tayari kuyapokea. Halafu akasema, "Sasa si ungesema tu? Mimi si niko hapa na pua yangu?"

Siku hiyo niliandika kadi ya punguzo. Nilijaribu mara nne, maana za kwanza zilikuwa zinajitetea. Ya mwisho ilisema: "Imepunguzwa kwa sababu kadi ya kwanza ilikuwa ya uongo. Niliiandika bila kunusa, pua yangu imepotea. Maneno yale hayakuwa ya Mama Naliaka kwa mvinyo huu, yalikuwa wizi wangu. Ni mkali. Mwangi." Niliibandika mlangoni, nikaenda nyuma kuloweka magunia ambayo hayakuhitaji kulowekwa. Niliposikia watu wanasoma kwa sauti nje nilitaka nipite chini ya ardhi. Kijana mmoja wa Kayole aliingia akicheka, akaniambia, "Buda, hii ndiyo discount ya ukweli nimewahi kuona hii mtaa. Nipee mbili." Wengine walinipa pole, na pole zile ziliniumiza kuliko kicheko. Na wako wawili, wateja wako wa miaka mingi, ambao hawajarudi mpaka leo. Mmoja nikimwona barabarani anaangalia simu. Simlaumu.

Jumamosi iliyofuata Mama Shiku alikuja kabla sijafungua, na nyuma yake fundi wa majiko na mikono yake ya masizi. Hawakuwa na kikapu. Mama Shiku alisema wao wana vitu vyao kichwani, mimi nimimine tu. Ungewaona! Mama Shiku aliinua ule wa Ureno akavuta hadi glasi ikamgusa paji la uso, akasema unanusa kama pazia jipya kabla hujalifua, na maganda ya chungwa. Fundi akasema la, ni jiwe lililonyeshewa mvua. Wakagombana kama mawifi. Kwa ule mwekundu wa Kalifornia fundi alinusa, akanywa, akasema, "Hii ni chuma ikipoa. Na inakaza mdomo kama ndizi mbichi. Lakini ukipata nyama ya mafuta, wee!" Mama Shiku akamtuma mtoto wake Burma, na kweli, mbavu zenye mafuta zilipokuja na chumvi, akanywa tena ule mvinyo uliomwaibisha, akasema afadhali angewapa wakwe hivyo.

Niliandika waliyoyasema, kila neno na mwenyewe. "Kwa pua ya Mama Shiku." "Kwa pua ya fundi." Walipokubaliana juu ya ule wa Italia, wote wawili wakasema kwa pamoja, "Ni hii! Ni hii!" wakicheka, na mimi nikalazimika kwenda nyuma. Walidhani nimekwenda kuleta chupa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeinua kalamu nikisubiri kiganja chako kwenye kaunta.

Hivyo ndivyo tulivyoishi Mei, Juni, Julai, Agosti. Ule wa Kalifornia uliisha, kasha zima, kwa wapenda choma. Naliaka alijua. Nilimpigia nikamsomea kadi ile ya mlangoni, na akasema ungenichapa kwanza, kisha ungeicheka. Sijui kama ungeicheka. Natamani sana ningeuona uso wako ukiisoma.

Pua imerudi, Mama Naliaka. Ilirudi Septemba, si yote, lakini ipo. Nilikuwa nafungua kufuli asubuhi na kitu kikanichoma ndani ya kichwa, kikali, nikarudi nyuma nikidhani nimeumia. Ilikuwa chuma cha fundi. Alikuwa ameanza kuchomelea. Nilimkumbatia mtu wa watu na masizi yake na hakuelewa chochote. Nikaingia ndani nikinusa kama mbwa: mbao za makasha, magunia, vumbi, vizibo. Kila kimoja kilikuwa dhaifu na kilikuwa kizuri hadi nikahema. Halafu nikakimbia nyuma ya mlango wa stoo.

Sijakuambia kuhusu sweta yako.

Ile ya zambarau, yenye vifungo viwili visivyofanana. Uliivua siku ile ulipoanza kuumwa kichwa na ikabaki kwenye msumari nyuma ya mlango huo. Naliaka aliniambia niiache. Mimi niliiacha kwa sababu yangu mwenyewe: nilijua kwamba siku pua itakaporudi, hapo ndipo nitakapokukuta. Nilijiambia hivyo kila nikipita. Kila kitu kingine cha mtu kinabaki kwenye picha, sauti yako ninayo kwenye simu ukinikaripia kwa kusahau kununua mayai, lakini harufu haikai popote ila pale. Niliitunza. Aprili, Mei na Juni sikuigusa hata kwa kidole.

Kisha Julai ikaja na baridi yake. Unaijua Julai ya duka hili, sakafu ya saruji, mlango wazi, jua halionekani wiki nzima. Siku moja niliivaa, dakika chache tu, nijipashe moto nikihesabu chupa. Sikunusa kitu, kwa hiyo sikuona kama nachukua kitu. Kesho yake nikaivaa tena. Baada ya hapo nilikuwa nafika, natundika koti langu, navaa sweta yako, na ndiyo saa pekee katika siku niliyojisikia kuna mtu nyuma yangu. Niliivaa Julai yote. Niliivaa na Agosti.

Asubuhi ile ya Septemba niliishusha kwenye msumari kwa mikono miwili. Nikaweka uso ndani yake. Ni mimi. Ni sabuni yangu, jasho langu, moshi wa majiko, mafuta ya chapati ninayokula saa nne. Niliigeuza ndani nje. Nilitafuta kwenye ukosi, kwenye mikono, kwenye mshono wa ndani wa mfuko. Niliinusa mpaka kichwa kikaniuma, nami ndiye niliyejua noti za zamani ndani ya pochi iliyofungwa. Hukuwamo. Nilikuvaa mpaka ukaisha.

Nilimuuliza Mama Shiku, "Wewe uliyekuwa ukimkumbatia kila siku, alikuwa ananukiaje?" Akafikiri. Akasema, "Alikuwa ananukia kama mtu ameamka mapema." Fundi akasema tangawizi. Naliaka akasema mafuta ya mgando na kitu kingine, akaanza kulia kwenye simu, hakukitaja. Nilinunua vyote nikavipanga kwenye kaunta Jumamosi moja, peke yangu, tangawizi, mafuta ya mgando, sabuni ya mche, peremende zako. Nikavinusa kimoja kimoja. Vilikuwa vinanukia vizuri. Lakini sikuwa na cha kuvilinganisha nacho, nikavirudisha kabatini.

Wiki ijayo unaingia mzigo wa kwanza ambao hukuuagiza wewe. Nimeuchagua mwenyewe: mweupe wa Chile na mwekundu wa Ufaransa, kusini kule, na kasha moja la Oregoni ambalo sina hakika nalo, pengine litaishia kwenye punguzo na nitaeleza kwa nini. Nimeogopa sana kuutia jina langu. Nimeutia.

Nakuahidi hili, na nimeshika kalamu yako ninapoahidi. Sitaandika tena neno juu ya chupa ambayo hakuna aliye hai aliyeinusa. Herufi zangu zitasimama wima jinsi zinavyotaka. Kadi zako zilizobaki shingoni mwa chupa, ni tisa sasa, nitaziacha ziende na chupa zake kwa watu ulioziandikia, hata ile ya mwisho, sitaificha chini ya kaunta. Na maneno yako hayatatumika tena kwa mvinyo ambao hukuuonja.

Kwaheri, Mama Naliaka. Lala vizuri katika udongo wa kwenu, mvua ikunyeshee kwa adabu. Nisamehe ile kadi, hiyo nimeshaitubu mbele ya watu. Na unisamehe sweta. Ilikuwa baridi sana, na sikujua kwamba nakumaliza.

Ni mimi wako,
Mwangi